Mota inavuma, sanamu haitwangi

Tunaijua michezo ya watoto wetu: magari ya nyaya, vinyago vya udongo, na siku hizi sanamu zinazoendeshwa na mota iliyotolewa katika redio-kaseti iliyokufa. Msichana mmoja wa mwaka wa tano alichonga mama anayetwanga sombe. Gurudumu likizunguka, mchi unapanda na kushuka kinuni. Lakini mchi ulipanda mara moja, mota ikavuma, ikanyamaza. Nyumbani akaambiwa aachie kaka zake mambo ya mota, tena betri ni za tochi.

Kuhusu betri mama yake hakukosea, pesa ni pesa. Ndiyo maana tutafute ugonjwa kabla ya kununua mpya.

Toeni kwanza mpira unaounganisha mota na gurudumu. Mota ikikataa kuzunguka hata peke yake, tazameni nyaya: kwangueni kutu kwa kisu, sokoteni upya. Mota nyingi za kaseti zinataka volti 6, yaani betri 4 za tochi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Chanya na hasi zisibadilishwe ovyo, mota inaweza kuharibika. Ikizunguka peke yake, msiseme bado kwamba betri ni nzima. Betri iliyochoka inazungusha mota tupu, ukiipa mzigo inasimama. Azimeni za tochi kwa dakika moja, mlinganishe.

Kwa msichana huyu, hata betri za tochi hazikusaidia. Mota ya kaseti huzunguka karibu mara 2400 kwa dakika, lakini nguvu yake ni ndogo sana. Lazima mbio zibadilishwe kuwa nguvu. Ncha ya mota yenye upana wa milimita 5 ikivuta gurudumu la sentimita 10, gurudumu linazunguka mara 120. Yeye alikuwa ametumia kifuniko cha chupa! Tulikata gurudumu kubwa kutoka sandali kuukuu, kisha la pili, hadi mchi ukatwanga kama mara 24 kwa dakika, mwendo wa mama asiye na haraka.

Mpira nao ulikuwa umekazwa mno. Ukanda mnene wa baiskeli unavuta ekseli upande mmoja na kuibana, kwa hiyo ukateni mwembamba, ulegee kidogo. Na mawese, jamani, tuyaache jikoni. Siku ya kwanza yanateleza, lakini kwa baridi ya mlima wetu yanaganda na kushika vumbi. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Mwisho, kijiwe kilichofungwa upande wa pili wa gurudumu kinasaidia kuinua mchi.

Kuhusu kaka zake: maroboti yaliyoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, yanayogeuza kifua na kuinua mikono kwa nguvu ya jua, yalibuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, mwanamke Mkongomani.

Betri zilizoisha zisitupwe motoni, wala zisiachwe mahali mtoto mdogo anaweza kuzitia kinywani. Na kikundi chenye redio zilizokufa kisiziuze kama chuma chakavu kabla watoto hawajachukua mota.