Rimoti ya Slaidi: Namna ya Kuiunganisha na Kuipanga

Rimoti ya slaidi humwezesha mtoa mada kusogeza slaidi zilizo kwenye kompyuta akiwa amesimama mbali nayo. Ina sehemu mbili: rimoti yenyewe, yenye vitufe na betri, na kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Rimoti nyingi zina nafasi ya kuhifadhia kipokezi hicho ndani yake. Ni vyema kukirudisha humo kila kazi inapokwisha, kwa kuwa kwa kawaida rimoti na kipokezi chake huoanishwa kiwandani, na kikipotea si rahisi kukibadilisha na kingine.

Kompyuta haiitambui rimoti hiyo kuwa rimoti. Huiona kuwa kibodi, na ile yenye uwezo wa kusogeza mshale huiona kuwa kibodi na kipanya kwa pamoja. Kanuni ya USB inayohusu vifaa vya aina hii, iitwayo HID, imekipa kila kitufe cha kibodi namba yake: Page Down ni 78, Page Up ni 75, F5 ni 62. Mtoa mada akibonyeza kitufe cha kwenda mbele, kipokezi hupeleka namba 78, na kompyuta huitendea kazi kama vile mtu amebonyeza Page Down kwenye kibodi ya kawaida. Ndiyo maana Windows, macOS na Linux huikubali rimoti bila kuwekewa programu yoyote. Ndiyo maana pia hitilafu zake nyingi hupata ufumbuzi mara yanapojulikana mambo mawili: rimoti inatuma kitufe gani, na ni programu ipi inayokipokea.

Vitufe na kazi zake

Rimoti nyingi zina vitufe vinne vya msingi. Cha kwenda mbele hutuma Page Down, cha kurudi nyuma hutuma Page Up. Cha tatu huanzisha na kufunga onyesho, kwa kutuma F5 na Esc kwa kupokezana. Cha nne hufanya skrini kuwa nyeusi, kwa kutuma nukta au herufi B. Kitufe hiki cha mwisho wengi hawakitumii, ingawa kina faida kubwa: kikibonyezwa, hadhira huacha kusoma slaidi na kumtazama msemaji. Kikibonyezwa tena, slaidi hurudi pale pale ilipokuwa.

Katika PowerPoint, F5 huanzisha onyesho kuanzia slaidi ya kwanza. Onyesho likikatika katikati ya mada, kubonyeza kitufe cha kuanzia kwenye rimoti huenda kukarudisha kila kitu mwanzo. Njia salama ni kutumia Shift na F5 kwenye kibodi, maana hiyo huendelea na slaidi iliyo wazi. Onyesho likiwa linaendelea, kuandika namba ya slaidi kisha Enter hupeleka moja kwa moja kwenye slaidi hiyo.

Kuunganisha

Hatua ya kwanza ni kuweka betri. Modeli kama R400 ya Logitech hutumia betri mbili za AAA, wakati Spotlight ya kampuni hiyo hiyo ina betri ya kuchaji. Kisha kipokezi huchomekwa, rimoti huwashwa, na kompyuta hupewa sekunde chache za kuitambua. Katika kompyuta za Mac, huenda likafunguka dirisha linalomwomba mtumiaji abonyeze kitufe kilicho kando ya Shift ili aina ya kibodi ijulikane. Kwa kuwa rimoti haina kitufe hicho, dirisha hilo hufungwa tu na kazi huendelea.

Rimoti zinazotumia Bluetooth huunganishwa kwa njia nyingine. Kitufe cha kuoanisha hushikiliwa mpaka taa imulike kwa kuwakawaka, kisha jina la rimoti huchaguliwa kwenye orodha ya Bluetooth ya kompyuta. Njia hii haichukui tundu la USB, na hufaa kwa kompyuta mpakato nyembamba zenye matundu machache. Hata hivyo, anayetoa mada kwenye ukumbi wa watu, kwa kompyuta isiyo yake, hurahisishiwa kazi na kipokezi, kwani hakihitaji kugusa mipangilio ya kompyuta ya mwenyeji.

Jaribio bora la kwanza halihitaji slaidi. Hufunguliwa hati yenye kurasa kadhaa katika programu ya kuandikia, kisha kila kitufe cha rimoti hubonyezwa kwa zamu. Ukurasa ukishuka na kupanda, Page Down na Page Up zinafika. Ikitokea nukta au herufi b kwenye hati, kitufe cha skrini nyeusi kimefika. Jaribio hili hutenganisha hitilafu ya mawasiliano na hitilafu ya programu ya slaidi, na huokoa muda mwingi wa kubahatisha.

Dirisha lililo hai

Kibodi huandika kwenye dirisha lililo hai, na rimoti hufuata sheria hiyo hiyo. Ujumbe ukichomoza, au mtu akibofya dirisha la mkutano wa mtandaoni, vitufe vya rimoti huanza kwenda huko, na slaidi husimama ingawa rimoti ni nzima. Dawa yake ni kubofya slaidi mara moja kwa kipanya ili dirisha lake liwe hai tena. Bofyo hilo linaweza kusogeza slaidi moja mbele, basi hurudishwa kwa rimoti. Kuzima arifa zote kabla ya mada kuanza huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huu.

Kupanga vitufe upya

Haja ya kupanga upya hutokea pale programu ya slaidi inapotarajia kitufe tofauti na kile rimoti inachotuma. Mfano ulio wazi ni Google Slides, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Kwenye kivinjari, F5 hupakia ukurasa upya. Kwa hiyo mtoa mada anayebonyeza kitufe cha kuanzia huona ukurasa ukijifungua upya badala ya onyesho kuanza. Google Slides hutaka Ctrl na F5 katika Windows. Keynote ya Apple nayo huanzisha onyesho kwa Option, Command na P.

Njia ya kwanza ya kupanga ni programu ya mtengenezaji, kama ipo. Kwa Spotlight, programu ya Logitech humruhusu mtumiaji kukipa kazi ya ziada kitendo cha kushikilia kitufe, kama vile kufifisha skrini au kurekebisha sauti, na pia kupanga kengele ya muda inayotikisa rimoti mkononi. Rimoti za bei nafuu mara nyingi hazina programu ya namna hiyo, kwa hiyo upangaji hufanyika upande wa kompyuta.

Katika Windows, programu ya bure AutoHotkey hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja wa maandishi. Mstari F5::^F5 huamuru kwamba kila F5 inapokuja igeuzwe kuwa Ctrl na F5. Mstari huu hugusa kibodi zote zilizounganishwa, maana kwa kawaida AutoHotkey haitofautishi kifaa kimoja na kingine. Kwa sababu hiyo ni busara kuufunga kwa agizo la #HotIf, ili ufanye kazi pale tu kivinjari kinapokuwa dirisha lililo hai. Katika Mac, Karabiner-Elements huenda mbali zaidi: hutambua kila kifaa kwa namba zake za utambulisho, hivyo kitufe cha rimoti huweza kubadilishwa bila kuigusa kibodi ya kompyuta. Katika Linux, mabadiliko ya kifaa kimoja huandikwa kwenye faili la hwdb la mfumo wa udev.

Kabla ya kuandika agizo lolote, kitufe kinachotumwa hasa hutakiwa kuthibitishwa kwa jaribio. Mpango uliojengwa juu ya kitufe kilichokisiwa hautafanya kazi.

Mshale wa kipanya na leza

Baadhi ya rimoti husogeza mshale wa kipanya kwa kufuata mwendo wa mkono. Ndani yake kuna jairoskopu, kijisehemu kinachopima kasi ya mzunguko wa mkono, na kompyuta hupokea vipimo hivyo kama mwendo wa kipanya. Mshale ukianza kuhama wenyewe, kwa kawaida rimoti huwekwa juu ya meza bila kuguswa kwa muda ili ijipime upya, kwa namna iliyoelezwa kwenye kijitabu chake.

Leza ni jambo jingine kabisa: haipiti kwenye kompyuta. Kwa hiyo watu wanaofuatilia kwa mtandao hawaioni, na hata ukumbini hufifia ikielekezwa kwenye skrini kubwa ya televisheni. Pale panapohusika video, mshale au duara la kidijitali hufaa zaidi. PowerPoint ina leza yake ya ndani inayowashwa kwa Ctrl na L wakati wa onyesho. Leza za daraja la 2 hazizidi miliwati 1, na kinga yake hutegemea jicho kupepesa lenyewe ndani ya robo sekunde. Hiyo ndiyo sababu haziruhusiwi kuelekezwa usoni mwa mtu, wala mtu hapaswi kuzikodolea macho.

Masafa na vizuizi

Rimoti nyingi hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, masafa yanayotumiwa pia na Wi-Fi na Bluetooth. Watengenezaji hutaja umbali wa mita 15 kwa R400 na mita 30 kwa Spotlight, lakini vipimo hivyo ni vya mahali pa wazi. Mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa yake ni maji, hunyonya mawimbi haya, kwa hiyo ukumbi uliojaa watu hupunguza umbali huo.

Chanzo kingine cha usumbufu hakijulikani sana. Matundu ya USB 3 na nyaya zake hutoa kelele ya redio karibu na gigahezi 2.4, na kipokezi kilichochomekwa kando ya diski ya nje huweza kuzidiwa nayo. Suluhisho ni kukihamishia kwenye tundu la USB 2, au kukisogeza kwa waya mfupi wa kurefushia mpaka kionane na mtoa mada bila kizuizi.

Usalama

Kwa kuwa kipokezi ni kibodi, anayeweza kukidanganya anaweza kuandika amri kwenye kompyuta. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilitangaza udhaifu iliouita MouseJack: vipokezi vya vipanya na kibodi za makampuni kadhaa vilikubali vitufe kutoka kwa mtu mwingine aliye karibu, bila usimbaji wa kuvilinda. Baadhi ya watengenezaji walitoa masahihisho ya programu ya ndani ya vipokezi. Mtumiaji hujilinda kwa kuweka masahihisho hayo yanapopatikana, na kwa kuchomoa kipokezi mada inapokwisha, hasa kwenye kompyuta yenye taarifa nyeti.