Homa imekwisha, mbona nguvu hazirudi?

Mtu akiugua homa, watu wa nyumbani humvumilia siku chache alale. Joto la mwili likishashuka, hutarajiwa arejee kwenye shughuli zake. Lakini kuna wengi ambao homa huwatoka na nguvu zisirudi. Wakichota maji mara moja, hulazimika kujilaza. Wakichunga mbuzi asubuhi moja, siku ya pili hawainuki. Miezi inapita, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba fulani amekuwa mvivu, au amepatwa na jicho la hasidi.

Uchovu wa aina hii ni ugonjwa, wala si uvivu. Wakazi wa kaskazini mashariki mwa Kenya wana sababu nzuri ya kuufahamu, kwa kuwa homa za virusi zimewatembelea mara nyingi. Mwishoni mwa mwaka wa 1997, mvua za El Nino zilileta Homa ya Bonde la Ufa wilayani Garissa, nayo ikarudi tena Desemba 2006. Mwaka wa 2011 homa ya dengi ilizuka Mandera.

Mei 2016 ikawa zamu ya chikungunya mjini Mandera. Kufikia mwisho wa Juni mwaka huo, wagonjwa 1,792 walikuwa wameorodheshwa. Hata wahudumu wa afya hawakusazwa, kwani ilikadiriwa kwamba nusu yao waliambukizwa. Hakuna kifo kilichoripotiwa, na hiyo ilikuwa faraja kubwa. Hata hivyo, hesabu za mkurupuko hutaja waliougua na waliofariki. Aliyepona homa akabaki mnyonge mwaka mzima hana safu yake katika hesabu hizo.

Chikungunya inajulikana sana kwa kuacha mabaki. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kutokana na mkurupuko wa mwaka wa 1952 kusini mwa Tanganyika, na maana yake ni kukunjika, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Kwa wengi maumivu hayo huisha baada ya siku au majuma machache. Kwa wengine huendelea kwa miezi, hata miaka, na usingizi wa usiku unapokatizwa na maumivu, uchovu wa mchana huzidi.

Utafiti wasemaje?

Madaktari hawajafahamu kikamilifu kwa nini mwili huchelewa kurudi katika hali yake. Lakini uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2006 ulitoa mwanga. Huko Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 waliokuwa wameugua magonjwa matatu tofauti, mojawapo likiwa homa ya Ross River, ambayo virusi vyake ni vya jamii moja na chikungunya. Baada ya miezi sita, takriban watu 12 katika kila 100 walikuwa bado wamelemewa na uchovu. Walioathirika zaidi ni wale ambao homa iliwashika vikali tangu mwanzo. Hitilafu za akili za hapo awali hazikuwa chanzo.

Usikimbilie kulaumu virusi

Pamoja na hayo, si kila uchovu ni mabaki ya homa ya virusi. Katika jamii za wafugaji, bruselosisi inayotokana na maziwa mabichi au kuzalisha mifugo huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu wa muda mrefu. Ugonjwa huu una tiba. Kalaazari, inayoenezwa na usubi, huvimbisha bandama na huua isipotibiwa. Kuna pia kifua kikuu, malaria, kisukari na upungufu wa damu, hasa kwa akina mama waliojifungua karibuni.

Kwa hivyo, uchovu ukizidi mwezi mmoja, nenda hospitalini ukapimwe. Usichelewe ikiwa unakonda, unakohoa, homa imerudi au macho yameingia ukungu. Homa ya Bonde la Ufa huweza kudhuru macho majuma machache baada ya kuugua. Kununua dawa za malaria dukani kila mara bila kupimwa ni kupoteza pesa na wakati.

Jinsi ya kujitunza

Vipimo visipoonyesha ugonjwa mwingine, dawa kubwa ni kujipimia kazi. Fanya kidogo, pumzika kabla hujachoka, kisha uendelee. Siku ukijisikia vizuri usijaribu kumaliza viporo vyote, kwani wengi hulipia siku ya pili. Ikiwa kazi ya leo haikukuangusha kesho, ongeza kidogo baada ya majuma kadhaa. Nyoosha viungo taratibu, kunywa maji ya kutosha, na chemsha maziwa kabla ya kuyanywa. Maumivu yakizidi, mwone daktari, wala usimeze vidonge vya kutuliza uvimbe kwa ushauri wa muuza duka. Mwezi wa Ramadhani ukifika, mweleze daktari na shehe hali yako mapema.

Jamaa nao wana wajibu wao. Mgawieni mgonjwa kazi nyepesi, mpunguzieni safari za maji, na mumwamini anaposema amechoka. Wengi hupata nafuu polepole, na anayelazimishwa kufanya kazi kabla ya wakati huchelewa zaidi kupona.