Fito za Paani na Majina Mawili

Ainuapo mtu macho kuyatazama mapaa ya Unguja, kisiwa kilichopata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, aghalabu huona mlingoti uliobeba fito za alumini zilizopangwa sambamba, mithili ya mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Naye huiita antena, asijue kwamba asili yake ni Japani, katika Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, ambako Shintaro Uda, msaidizi wa Profesa Hidetsugu Yagi, alichapisha mwaka 1926, kwa Kijapani, matokeo ya majaribio yake.

Katika fito zote hizo, ni mmoja tu uliofungwa waya, na urefu wake hukaribia nusu ya wimbi linalokusudiwa. Hivyo kwa wimbi la mita 1.5, yaani la megahezi 200, ufito huo huwa wa sentimita 75 au pungufu kidogo. Nyuma yake husimama ufito mrefu kuliko huo, urudishao mawimbi mbele kama kioo kirudishavyo nuru, na mbele yake hupangwa fito fupi ziyaongozazo. Fito hizi za pembeni hazipewi umeme na mtu. Wimbi lenyewe huziamsha, nazo zikatoa mawimbi yao, yakaongezana upande mmoja na kufutana upande wa pili. Hikima yote imo katika kipimo, kwani ufito wa mbele ukikatwa mrefu kupita kiasi, huacha kuongoza ukawa wa kurudisha.

Mwaka 1928 Yagi aliieleza kazi hiyo kwa Kiingereza katika jarida la Marekani, na ingawa hakuificha fadhila ya Uda, ulimwengu ulishika jina la mkubwa. Nyumbani hawakuijali. Huhadithiwa kwamba Singapore ilipoanguka mwaka 1942, askari wa Kijapani waliokota karatasi za Waingereza kuhusu rada, wakaona neno “Yagi” limekaririwa humo wasilielewe, hata mateka mmoja akawaambia kuwa ni jina la Mjapani mwenzao.

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Lakini mabwana hawa walicheza kwao, wakatuzwa ugenini, na mmoja wao hata huko alitajwa nusu. Wataalamu waadilifu siku hizi huiita Yagi-Uda, na insafu hutaka nasi tuiite hivyo.