Mkono Hauumwi Kila Siku

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na jina Kongowea kwangu lilikuwa soko tu, mpaka nilipokwenda kusomesha Kiswahili Kakamega. Huko ndiko Kongowea aliponijia akiwa mtoto wa watu.

Huyo ni Kongowea Mswahili wa riwaya ya Siku Njema, aliyoitunga marehemu Ken Walibora ikachapishwa mwaka 1996. Ni mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anafariki, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa, na baadaye anashika njia kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Katika dhiki zote hizo, akiba yake ni kipaji cha kutunga.

Darasani mwangu alikuwamo kijana mwenye selimundu, maradhi ya kuzaliwa nayo ambayo yako sana huko Magharibi kama yalivyo huku kwetu Pwani. Chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa, na maumivu ya mifupa yakamlaza mtu siku nyingi. Mimi sikuyajua hayo. Nilimhesabu mtoro, na ndivyo nilivyomwandika daftarini.

Siku moja akaniletea insha aliyoiandika kitandani. Ilikuwa barua kwa Kongowea, akimweleza kwamba yeye pia ni msafiri, ila safari yake ni ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kiswahili chake kilinitia haya. Nilipomuuliza amewezaje kuandika katika hali ile, alijibu, "Mwalimu, mkono hauumwi kila siku."

Sisi wa Pwani hupenda kudhani lugha hii ni yetu peke yetu. Walibora alikuwa mtu wa Bungoma, naye alitupa Tanga na taarabu yake. Alifariki Nairobi Aprili 2020, na Kongowea wake angali anasomwa.

Wengi husema dhiki ndiyo inayozaa kipaji. Nami nikisomesha hivyo. Sasa siamini tena. Dhiki huweza kukizika kipaji kikasahauliwa. Kinachokiokoa ni mtu wa pili, anayekaa akasoma.

Neno "mtoro" nililifuta siku ile ile. Nawe mzazi, ukiwa na mtoto mgonjwa apendaye kuandika au kuchora, mwekee kalamu karibu na dawa. Kisha, tafadhali, isome kazi yake.