Kunywa, Kulewa na Kukiri: Istilahi za Shtaka la Dereva

Msimu wa korosho uwadiapo huko Masasi na Newala, mabibo hukamuliwa, na maji yake yakichachuka huwa uraka. Tuseme dereva amekunywa uraka Masasi, akapanda na gari lake kuelekea Newala, akasimamishwa njiani na askari wa usalama barabarani. Siku ya pili yumo kizimbani, anasomewa shtaka. Hakimu anamwuliza kama ni kweli au si kweli. Anajibu: "Ni kweli, nilikunywa." Je, amekiri nini?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mfasiri na karani wamebeba sehemu ya mzigo huo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeyatenga makosa mawili ambayo katika mazungumzo yetu huunganishwa kuwa moja. La kwanza ni la dereva ambaye kileo au dawa imemfikisha mahali asiweze kulimudu gari lake ipasavyo. La pili halijali kama alilimudu ama la. Lauliza tu kama kileo kilichomo katika damu yake kimepita kiwango, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Neno "ulevi" laweza kulibeba la kwanza. La pili haliwezi, kwani mtu aweza kupita kiwango naye hajayumba hata kidogo.

Ndiyo maana hatupendezwi na jina "kipima ulevi", ingawa limekwisha kuenea. Chombo kile hakipimi ulevi. Hupima kileo katika pumzi. Shahidi asemapo kwamba chombo "kilionyesha ulevi", amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu. Twapendekeza "kipimakileo". Wakili wa utetezi naye atapata neno la kuulizia: chombo kilikaguliwa lini, nani alikitumia, na kilisoma kiasi gani?

Turudi kwa dereva wetu. Mitaani "amekunywa" na "amelewa" hushikana mikono, lakini kunywa peke yake si kosa lolote kati ya hayo mawili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yataka ungamo liandikwe kwa kadiri iwezekanavyo katika maneno yale yale ya mshtakiwa. Karani akiandika "amekiri kosa" badala ya "Ni kweli, nilikunywa", amefuta hoja nzima ya utetezi kwa kalamu. Nayo hasara ni kubwa, maana aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake kwa kawaida hana rufani ila juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan la mwaka 1973, ilikwisha kueleza utaratibu: shtaka lifafanuliwe kwa lugha aijuayo mshtakiwa, jibu liandikwe, maelezo ya kosa yasomwe, naye aulizwe tena kama anayakubali. Ungamo lenye utata huandikwa kuwa ni kukana.

Kuna na utata wa msaada wenyewe. Wananchi humwita kila ajuaye sheria "mwanasheria". Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 humtambua "msaidizi wa kisheria", ambaye aweza kumweleza dereva haki zake na kumwelekeza, lakini hawezi kusimama mahakamani kumtetea. Hiyo ni kazi ya wakili. Mwalimu afundishaye uraia asiyachanganye majina haya, asije mtu akafika mahakamani akidhani ana mtetezi, kumbe hana.

Kwa mfasiri wa hati ya mashtaka, twashauri aepuke "kuendesha gari kwa ulevi". Kwa kosa la kwanza aandike "kuendesha gari akiwa hawezi kulimudu kwa sababu ya kileo". Kwa la pili, "kuendesha gari akiwa na kileo mwilini kupita kiwango". Ni maneno marefu, tunakubali. Lakini dereva akiulizwa hivyo, hatajibu tena kwamba alikunywa.