Vimeng'enya katika Chakula cha Kuku wa Nyama

Nyumba nyingi za Waislamu siku hizi zafuga kuku wa nyama, ama kwa kitoweo, ama kwa kupata karo za watoto. Na katika mifuko ya chakula chao huonekana pengine imeandikwa kwamba mna vimeng'enya. Hapo huzuka maneno: huyu husema ni dawa ya kumfurisha kuku, yule husema ni homoni, na wa tatu huuliza kama nyama yake ni halali. Yafaa jambo hili lielezwe, maana dhana isiyo na ilimu huharibu mali na kutia watu wasiwasi.

Kimeng'enya ni nini? Ni aina ya protini, na hiki tukisemacho hapa kazi yake ni kuvunjavunja chakula ili mwili upate kukinyonya. Mate ya mwanadamu yanacho cha kuvunja wanga. Ndiyo sababu mkate ukitafunwa sana huwa na utamu. Kuku naye ana vimeng'enya vyake, lakini havitoshi kwa kila kilichomo katika nafaka.

Mfano wa kwanza ni shayiri, ambayo katika nchi za baridi hulishwa kuku. Punje zake zina nyuzi ambazo zikifika utumboni huwa utelezi mzito. Utelezi huo huzuia chakula kisinyonywe. Kinyesi hunata, maranda ya banda hulowa, na kifaranga hudumaa. Mwaka 1957 wataalamu wa Jimbo la Washington, Marekani, walieleza kwamba shayiri ikitiwa vimeng'enya humfaa kifaranga zaidi.

Mfano wa pili watuhusu sisi tulishao mahindi na soya. Kiasi cha theluthi mbili ya fosforasi iliyomo katika nafaka hizo imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, wala kuku hana ufunguo wa kutosha wa kukifungua. Basi huila fosforasi kisha huitoa katika kinyesi, na asipoongezewa nyingine mifupa yake hulegea. Na kuku wa nyama hufikia kilo 2 hivi kwa majuma 5 au 6. Mwili mzito hivyo utasimamaje juu ya miguu dhaifu? Kimeng'enya kiitwacho fitasi hufungua kifungo hicho, na pamoja na fosforasi hupatikana kalisi na zinki. Kilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, katika nchi ambayo samadi ilikuwa imezidi mashambani na fosforasi yake kuchafua maji. Hivyo faida yake ni mbili: kuku hushiba kwa haki, na mito husalimika.

Lakini kila kitu kina mpaka wake. Kwanza, mahindi hayana utelezi kama wa shayiri. Mwenye kulisha mahindi asitaraji faida ile ile kwa kununua kimeng'enya cha shayiri. Pili, joto kali huviharibu vimeng'enya, kwa hiyo visipikwe wala kutiwa katika maji ya moto. Tatu, kimeng'enya hakiumbi protini isiyokuwamo. Mwuzaji achanganyaye pumba tupu kisha akasifu vimeng'enya vyake amemdhulumu mnunuzi, na mwenye kulipa gharama ya dhuluma hiyo ni mjane aliyetia akiba yake yote katika vifaranga 100.

Ama suala la uhalali, vimeng'enya vitumiwavyo sana hutokana na kuvu na bakteria wakuzwao viwandani. Si homoni, na vyenyewe, kwa kuwa ni protini, humeng'enywa tumboni mwa kuku. Lililo kubwa zaidi ni vile vingine vilivyomo mfukoni: je, mna damu, au mabaki ya mizoga? Wanavyuoni wamekwisha kuzungumza juu ya mnyama alaye najisi, kwamba afungiwe na alishwe chakula safi kabla ya kuchinjwa. Basi mfugaji aulize, na mwuzaji ajibu kwa ukweli.

Enyi vijana mnaofuga, someni maandishi ya mfuko kabla ya kutoa fedha, pimeni kuku wenu kila juma, na andikeni chakula walacho. Daftari la mfugaji ni shahidi asiyedanganywa na sifa za dukani.