Nywele kupungua: chanzo hutangulia kwa miezi

Mfanyakazi anayewasili Muscat au Dubai kutoka Mombasa au Dar es Salaam, na baada ya miezi mitatu akaanza kuona nywele nyingi kwenye kitana, aghalabu huyalaumu maji. Huambiwa kuwa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na kwamba ndiyo yanayong'oa nywele. Walioko London hulaumu baridi, na waliobaki nyumbani hulaumu sabuni mpya au jicho la hasidi.

Daktari wa ngozi hutazama kalenda kwanza, kwani unywele hauanguki siku ile ile ulipodhurika.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo laki moja. Kila unywele hukua kwa miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika kwa takriban miezi mitatu, halafu huanguka na kuupisha mwingine. Katika hali ya kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ndiyo maana mwanamke anayefumua misuko baada ya wiki sita na kukuta donge la nywele hana budi kupiga hesabu kabla ya kushtuka: nywele za siku 42 zilizonaswa ndani ya misuko zinaweza kuzidi 4,000.

Mwili unapopatwa na msukosuko mkubwa, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa mkupuo. Msukosuko huo waweza kuwa malaria kali, homa ya matumbo, upasuaji, kujifungua, msiba au kupungua uzito kwa haraka. Nywele hizo hubaki kichwani miezi miwili au mitatu, kisha huanguka pamoja wakati mwenyewe amekwisha kuisahau homa. Ndivyo ilivyowatokea wengi waliougua UVIKO-19 mwaka 2020 na 2021, na hali hiyo huwapata pia baadhi ya wanaotumia sindano za kupunguza uzito.

Kwa mhamiaji wetu wa Ghuba, kurudi nyuma miezi mitatu ni kurudi kwenye safari yenyewe: milo iliyobadilika, usingizi uliokatika, na wasiwasi wa deni la wakala. Maji yenye madini mengi huweza kuukausha unywele hadi ukatike, lakini kukatika ni jambo moja na kung'oka ni jingine. Unywele uliong'oka huwa na kitone cheupe kwenye ncha moja, uliokatika hauna.

Upungufu wa namna hii kwa kawaida hujirekebisha ndani ya miezi sita au zaidi kidogo baada ya chanzo kuondoka. Mama aliyejifungua, kwa mfano, mara nyingi huzipata tena nywele zake mtoto anapokaribia mwaka mmoja.

Yaliyojificha katika damu

Usipokoma, chanzo hutafutwa ndani. Mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi, pengine kwa sababu ya uvimbe katika mfuko wa uzazi, anaweza kupimwa wingi wa damu na kuambiwa yu salama, ilhali akiba yake ya madini ya chuma imekaribia kwisha. Akiba hiyo ina kipimo chake, feritini. Watafiti hawajakubaliana ni kiwango gani hasa kinachoanza kuudhuru unywele, ila madaktari wengi hukiagiza kipimo hicho. Hupima pia tezi ya shingoni, dundumio, ambayo hupunguza nywele ikilegea na hata ikizidisha kazi. Nywele zinazotoka kwa mabaka, mfano wa nguo iliyoliwa na nondo, zinaweza kuwa dalili ya kaswende, maradhi ambayo hutibika kwa penisilini. Kwa watoto, mabaka yenye magamba mara nyingi ni mapunye.

Upara wa wanaume unaoanzia kwenye paji na utosi hauna siri kubwa: ni urithi na homoni, na urithi huo hutoka kwa baba na mama, si kwa wajomba peke yao.

Utosini

Hatari kubwa zaidi iko kwenye upara unaoanza katikati ya utosi na kutanuka polepole. Huwapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika walio katika umri wa kati. Ndani ya ngozi, kinyweleo huzungukwa na uvimbe usioonekana, na mwishowe mahali pake hujaa kovu. Hapo unywele hauoti tena, yapakwe mafuta ya bei yoyote. Dalili za mwanzo ni hafifu: mwasho, maumivu, au nywele za utosini kukatika na kubaki fupi kuliko nyingine. Wengi hudhani ni mba, wakafunika kwa kilemba au nywele bandia, na miaka ikapita.

Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa dawa za kulainisha nywele na vitana vya moto. Mwaka 2019 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba karibu robo ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Hivyo mwanamke ambaye mama au dada yake ana upara wa utosini ana sababu ya kuchunguzwa mapema, hata kama hajawahi kutia dawa. Matibabu hutuliza uvimbe na kuokoa nywele zilizobaki. Zilizokwisha kuzibwa na kovu hazirudi.

Kwenye panja mambo ni tofauti. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta karibu thuluthi moja ya wanawake waliochunguzwa wakiwa na upara utokanao na kuvutwa nywele, hasa pale misuko ilipowekwa juu ya nywele zilizotiwa dawa. Ukigunduliwa mapema, kulegeza misuko hutosha.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache Afrika Mashariki, ingawa kituo cha kanda kilichoko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafunza tangu miaka ya 1990. Pengo hilo hujazwa na wauza vidonge, hasa vya biotini. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya dundumio. Anayevimeza vidonge hivyo kwa ajili ya nywele anaweza kupewa majibu yasiyo sahihi kuhusu ugonjwa ule ule unaozipunguza. Inafaa amweleze daktari kabla ya kutoa damu, pamoja na dawa nyingine anazotumia na yote yaliyompata katika miezi sita iliyopita.